Kufungua Kila Fundo

Saa ya jua kali, wakati ambapo hata mbwa wa kisiwa cha Onotoa huona kubweka ni kazi ya bure, Akenete alikuwa amelala chini ya usawa wa ardhi. Si kaburini, msishtuke. Alikuwa ndani ya shimo la magimbi la ukoo wa mumewe, shimo pana ambalo mababu walilichimba kwa magamba ya kombe mpaka wakayakuta maji matamu. Majani ya magimbi yalikuwa yamelifunika kote, na kila jani moja lingeweza kumkinga mtu mzima mvua. Alitandika mkeka kwenye ukingo wa ndani, penye ubaridi, akajilaza kwa ubavu wa kushoto. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu ile siku ambayo mtoto wake alitarajiwa kuzaliwa.

Usingizi wa mchana wa mwanamke aliyetimiza miezi yake hauna mlango. Huingia na kutoka upendavyo. Akenete aliiona bahari imekupwa, ikazidi kukupwa, mpaka mwamba wote ukawa mkavu na mtu angeweza kutembea kwa miguu kisiwa hadi kisiwa, kutoka Onotoa mpaka Tarawa, bila kulowa. Mbali kabisa, palipong'aa, alisimama mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi. Hakulia wala hakuita. Alishika ncha ya kamba ya makumbi, na ncha ya pili ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Akenete. Aliivuta, akaivuta, na ile kamba haikupungua hata pima moja.

Aliamka shavu limelowa. Labda jani lililokuwa juu yake lilidondosha maji, labda alikuwa amelia. Hakujisumbua kuchunguza.

Akenete alimjua mtoto yule. Alikuwa Teraoi, mwanawe wa kwanza. Miaka miwili nyuma walipanda naye ndege kwenda hospitali ya Tarawa, yeye akiwa tumboni, na huko akazaliwa akiwa hana pumzi. Walimzika hukohuko, kando ya barabara, na Akenete akarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Tarawa, na hata jina la mahali pale likitajwa redioni aliinuka akaenda kufagia. Moyoni alikuwa na maneno mafupi: Tarawa ilimla mwanangu. Kwa hiyo aliapa kwamba huyu wa pili angezaliwa hapa, juu ya mkeka aliofuma mwenyewe, mikononi mwa Nei Teburea, yaani Bi Teburea, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji.

Lakini Ioteba, muuguzi wa kliniki, alikuwa ameshatoa neno lake. Uchungu usipoanza kufikia Jumamosi, Akenete atapanda ndege. Na leo ilikuwa Jumatano.

Basi nyumba nzima ilikuwa imeacha kazi zake, inambembeleza mtoto atoke.

Nei Makurita, mama mkwe, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Alisikia mahali kwamba nanasi hufungua njia ya uzazi. Onotoa hapaoti nanasi. Mchanga wake hata mbaazi huionea uchoyo. Nei Makurita hakukata tamaa, akaenda duka la ushirika akarudi na makopo matatu.

"Kula, mwanangu. Kunywa na maji yake."

"Mama, hili la tatu. Kiungulia kimenifika masikioni."

"Si ndiyo dalili yenyewe! Kitu kimeanza kusogea."

Kilichosogea kilikuwa ni nanasi, na lilisogea kwenda juu. Baada ya nanasi ikaja supu ya pweza, dawa ya Nei Teburea, kwa sababu pweza hutoka pangoni kwa kuteleza hata tundu liwe dogo namna gani. Baada ya pweza likaja tunda la noni lililopondwa, ambalo linanuka kama mguu uliovalishwa kiatu wiki nzima, na Akenete alilinywa akiwa ameziba pua huku mama mkwe akimwimbia wimbo wa kumpa moyo. Asubuhi alitembezwa upande wa bahari kuu juu ya changarawe, jioni upande wa ndani, wa maji tulivu, juu ya mchanga. Alipochoka alilazwa kwenye buia, lile jukwaa la kulalia lililo wazi pande zote, na Nei Teburea akamkanda kwa mafuta ya nazi kuanzia chini ya mbavu hadi nyongani. Mikono ya yule bibi ilikuwa midogo na ya moto. Chini ya mikono ile Akenete alikuwa akielea, na mara nyingine hakujua tena kama anayesinzia ni yeye au mtoto.

"Amekaa vizuri," Nei Teburea alinong'ona, sikio likiwa karibu na kitovu. "Kichwa chini, mgongo kushoto. Mtoto hana kosa. Mlango ndio umelala."

Jumatano hiyo alasiri Ioteba alifika kwa pikipiki, na ile pembe yake ya mbao ya kusikilizia ikiwa imechomekwa mfukoni. Alimkuta binamu yake Baraniko, mume wa Akenete, ananoa kisu cha kugemea.

"Binamu, watu wamekuja kukushitaki kwangu," alisema Ioteba kabla hata hajashuka. "Unapanda minazi kimya kimya kama mwizi. Mgema asiyeimba anachungulia wake za watu wakioga."

"Waambie wakaogee ndani," alijibu Baraniko bila kuinua macho.

Ni kweli kwamba wagema wa kisiwa kile huimba juu ya mnazi, alfajiri na jioni, ili walio chini wajue nani yuko juu. Zamani Baraniko alikuwa na sauti ambayo wasichana walisimama njiani kuisikiliza, na Akenete alikuwa mmoja wao. Miaka miwili sasa hakuimba. Akenete alidhani mumewe alikuwa amechoka naye. Hakuuliza; ukiuliza unajibiwa.

Ioteba akaweka pembe juu ya tumbo, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Moyo unakwenda vizuri," alisema. Kisha akawageukia wale wanawake wawili wakubwa. "Ila bibi zangu, mnajua wenyewe, ngoja ngoja huumiza matumbo. Jumamosi ndege inatua saa nne. Na safari hii sitaki kuzunguka kijiji kizima namtafuta mtu."

Nei Makurita aliinamia ukili wake. Baraniko alikwenda nyuma ya nyumba, ingawa nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu.

Maana mara ile ya kwanza walimtafuta. Ndege huja Onotoa Jumanne na Jumamosi. Miaka miwili iliyopita, siku zilipozidi, Ioteba alisema Akenete aondoke na ndege ya Jumanne. Akenete aliogopa, kama anavyoogopa msichana yeyote ambaye hajawahi kulala mbali na mama zake. Nei Teburea alisema kesho atazaa. Nei Makurita akamteremsha mkwewe ndani ya shimo hilihili la magimbi, akamfunika majani, akaenda kumwambia Ioteba kwamba msichana amekwenda kijiji cha pili kuaga. Ndege ikaondoka. Kesho ikaja, na kesho kutwa, na hapakuwa na uchungu, wakapanda ndege ya Jumamosi.

Na Jumamosi hii Akenete alikuwa ameshaamua kujificha tena. Mkeka alikwisha kuuacha shimoni.

Alhamisi asubuhi Nei Teburea alifika mapema, akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akaitazama nyumba juu hadi chini kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Nyumba hii ina mafundo mengi," alisema. "Fungueni."

Kwa watu wa pale hilo si jambo la kuulizwa mara mbili. Mwanamke akichelewa kuzaa, hakuna kitu kinachobaki kimefungwa chini ya dari moja naye. Nei Makurita aliachia nywele zake, ambazo hapana mtu aliyeziona zimeachiwa tangu mumewe afariki, na zikashuka nyeupe mpaka kiunoni. Wakafungua matita ya makuti ya kuezekea. Wakafungua kamba za chandarua, mdomo wa gunia la mchele, nyavu, hata kamba za viatu vya kanisani vya Baraniko. Wakafungua nguruwe wote watatu. Nguruwe hawakuamini bahati yao. Mmoja alikunywa noni iliyobaki na kuondoka akiwa na mawazo mengi. Wawili waliingia kwenye mboga za jirani, na kelele za jirani zilisikika mpaka kanisani.

"Na wewe?" Nei Teburea alimwambia Baraniko. "Unasubiri kualikwa?"

Mgema hugema kwa kufunga. Karara la mnazi, kabla halijapasuka, hukazwa kwa kamba raundi kwa raundi lisichanue, ndipo hukatwa ncha likadondosha tembo miezi kwa miezi. Tangu mkewe ashike mimba Baraniko hakufunga karara jipya. Mwiko huo aliushika. Lakini minazi miwili ya zamani ilikuwa bado imefungwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwapa tembo la asubuhi na asali inayopikwa kwa tembo hilo, ya kulia magimbi. Ukifungua karara, limekwisha, halifungiki tena. Baraniko alipanda bila neno, mnazi wa kwanza, kisha wa pili. Alipotua alikuwa na kamba shingoni na maua madogo meupe ya mnazi yamenasa nyweleni.

Akenete, kutoka kwenye buia, alimtazama akiyakung'uta, akasikia huruma iliyomshangaza.

Wakangoja. Upepo ulikuwa ukipita ndani ya nyumba bila kukuta chochote kilichofungwa. Mikeka ilikuwa ikiinuka na kulala. Kila kitu kilikuwa kimelegea mno hata Akenete alihisi nyumba yenyewe ingeweza kuondoka polepole ikaelea juu ya maji. Alisinzia, akaamka, akasinzia. Tumbo lake lilikaa vilevile lilivyokaa.

Ijumaa asubuhi Nei Teburea alimkanda kwa mara ya mwisho. Alipomaliza hakuinuka. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kamba zimekwisha," alisema. "Yamebaki maneno. Mficha uchi hazai, nanyi mnajua. Kaeni hapa. Kila mmoja aseme alichokifunga."

Wakakaa wote wanne kwenye buia, miguu inaning'inia. Nei Makurita alijitolea kuanza, kwa sababu kunyamaza kulimchosha kuliko kufua.

"Mimi nilisema kwenye mkutano wa akina mama kwamba mkwe wangu anafuma mkeka kama anaziba tundu la wavu."

"Hilo nalijua, mama," alisema Akenete. "Ulilisema kwa sauti, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako."

"Kumbe ulikuwepo? Basi nilisema kwa upendo."

Wakacheka, hata Nei Teburea, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama siku yoyote. Kisha ikawa zamu ya Akenete. Alitazama vidole vyake vya miguu, au pale vilipokuwa kabla tumbo halijavificha.

"Kesho nitajificha shimoni," alisema. "Mkeka ninao huko tayari. Hata mje na polisi, sipandi ndege. Tarawa ilimla mwanangu, na huyu haimpati."

Wimbi moja lilipiga mwambani upande wa bahari kuu, likafuatiwa na jingine.

"Tarawa haikumla mtu," alisema Baraniko.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Akenete aligeuka kumtazama.

"Siku ile uwanjani, kabla hatujapanda, Ioteba alikusikiliza. Unakumbuka? Wewe ulikuwa unaitazama ndege. Alisikiliza mara tatu. Halafu aliniangalia mimi, akatikisa kichwa." Baraniko alikuwa akiminya magoti yake mwenyewe. "Mtoto alinyamaza Ijumaa, Ake. Alinyamaza hapa, juu ya buia hii hii. Tarawa tulimpeleka ameshakwenda. Madaktari hawakuwa na la kufanya."

Akenete hakulia. Alikuwa akihesabu siku, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ijumaa. Kabla ya Ijumaa, Alhamisi. Kabla ya Alhamisi, Jumatano. Jumanne.

"Jumanne alikuwa anacheza," alisema.

"Ndiyo," alisema Baraniko, na machozi yakamshuka. "Jumanne alikuwa anacheza."

Sasa akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisahau. Alikuwa amelifunika tu. Jumanne ile, chini ya majani, ndege ikinguruma uwanjani na Ioteba akiita jina lake njiani, mtoto alikuwa akipiga mateke kwa nguvu isiyo ya kawaida, teke juu ya teke. Na yeye aliweka viganja viwili juu ya tumbo akamnong'oneza: Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, watatusikia.

"Mimi ndiye niliyekufunika majani," alisema Nei Makurita. Ile sauti ya kwaya ilikuwa imekwisha kabisa. "Mimi ndiye niliyemdanganya Ioteba. Kila nikichimba gimbi kwenye lile shimo nakuona umelala pale."

"Na mimi ndiye niliyesema kesho," alisema Nei Teburea. Aliikunjua mikono yake midogo mapajani akaitazama. "Mikono hii ilijua. Alhamisi ilishajua kwamba imeshindwa. Nikaona aibu kusema."

Akenete hakuwasikia. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Miaka miwili umeniacha naichukia Tarawa?"

"Nilitaka uchukie kitu ambacho si wewe."

"Kwa hiyo ndiyo maana huimbi."

"Niimbe nini, Ake?"

Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika kichwa akiweke mapajani mwake, lakini hapakuwa na nafasi, tumbo lilikuwa limechukua mapaja yote. Akateremka kwenye buia, akaenda zake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Shimoni kulikuwa kijani na kimya. Alikaa kwanza, halafu akalala. Alilia pale kwa muda mrefu, kilio kilichokuwa kimechelewa miaka miwili, mpaka mkeka ukalowa na kichwa kikawa chepesi. Alikuwa na uchungu wa kila namna isipokuwa ule uliokuwa ukitakiwa. Kisha usingizi ukamchukua.

Maji yalikuwa yamekupwa tena. Mwamba ulikuwa umelala wazi chini ya jua, na kule mbali mtoto alisimama na kamba yake. Safari hii Akenete alilitazama fundo lililokuwa kiunoni mwake. Alilitambua. Ni fundo analofungia mikeka ikishakunjwa, kitanzi mara mbili na ncha imepitishwa chini. Hakuna mwingine kijijini anayefunga hivyo. Siku zote alikuwa akivuta kamba ili mtoto aje Onotoa. Akaacha kuvuta. Akaanza tu kutembea, kwenda alipo yeye, na kamba ikalegea, ikalala juu ya mwamba, hatua kwa hatua. Alipokaribia kumwona uso, kitu kilimpiga ndani ya mbavu, akaamka.

Alikuwa ni yule wa ndani. Alipiga tena, kisigino kizima, mpaka nguo ikatikisika. Pembeni, barabarani, sauti za watu zilikuwa zikipita. Mtu yeyote angeweza kuchungulia shimoni na kumwona. Akenete aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo.

"Piga kelele, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa. "Piga. Acha wasikie."

Kisha akaukunja mkeka, akapanda ngazi ya shimo, taratibu, akijivuta kwa majani.

Jumamosi alfajiri watu wa kijiji waliamshwa na sauti waliyokuwa wameisahau. Baraniko alikuwa juu ya mnazi usiokuwa na karara lililofungwa, usiokuwa na tone la tembo, hana kisu wala kibuyu, anaimba. Jirani aliyeliwa mboga alitoka nje akauliza kama mgema amepata wazimu. Nei Makurita, nywele bado zimeachiwa, alimwambia anyamaze asikilize.

Akenete ndiye aliyefika uwanjani wa kwanza, na mkeka wake mpya kwapani. Ioteba alipomkuta amekaa pale alizima pikipiki akamtazama kama anayeona jini.

"Nilikuja na maneno ya kukubembeleza ya nusu saa," alisema. "Sasa nitayapeleka wapi?"

"Mpelekee nguruwe wangu," alisema Akenete.

Maana nguruwe yule aliyekunywa noni alikuwa amelala katikati ya uwanja wa ndege, na ndege ndogo ilizunguka angani mara mbili huku Baraniko na abiria wengine wakimfukuza. Kabla ya kupanda, Ioteba alitoa pembe yake. Baraniko alisogea nyuma. Akenete alimshika mkono akamrudisha.

"Hapa hapa," alisema. "Na safari hii useme kwa sauti. Uniambie mimi."

Ioteba alisikiliza. Upepo ulipita. Akenete hakuitazama ndege, alimtazama yeye usoni.

"Anakwenda mbio," alisema Ioteba. "Mia na arobaini. Yuko hai, mzima, na ana hasira."

Nei Teburea na Nei Makurita walibaki wamesimama ukingoni mwa uwanja, wameshikana mikono, mpaka ndege ikawa nukta.

Tarawa walimpokea, wakampima, wakamwekea dripu, na Jumapili kabla ya kengele ya pili ya kanisa akajifungua mtoto wa kike. Baraniko alikuwa nje ya wodi amekaa chini. Mpaka leo Nei Teburea husema ni pweza aliyefanya kazi, ila alichelewa kwa sababu alikuwa mzee. Nei Makurita hatoki kwenye nanasi. Ioteba anasema ni dripu, na kwamba anayebisha aje na pweza wake kliniki. Msiniulize mimi.

Ijumaa waliruhusiwa. Ndege ya kurudi ilikuwa kesho yake. Akenete, mtoto kifuani, alimwambia mumewe, "Nipeleke."

Makaburi yalikuwa kando ya barabara, kama alivyokumbuka, ila kwenye kumbukumbu yake palikuwa mbali mno, na sasa ilikuwa ni mwendo wa kupita nyumba chache. Palikuwa na kilima kidogo cha changarawe nyeupe, kimezungushiwa mawe ya matumbawe. Kichwani palisimama mnazi mchanga unaofika kifuani mwa mtu. Baraniko alisema aliuacha pale siku ya mazishi, nazi iliyoanza kuota, hakujua kama itashika. Upande wa pili wa nyumba zile maji yalikuwa yamekupwa, na mwamba ulikuwa mweupe mpaka macho yalipokoma.

Akenete alipiga magoti, akatandika ule mkeka wake.

"Teraoi," alisema. "Huyu ni mdogo wako. Tulichelewa, mwanangu."

Alikuwa amepanga kusema mengine tangu Onotoa. Hapo mtoto aliamka. Alijinyoosha, akakunja uso, akaachia kilio kikali kilichowafanya waliokuwa wakipita barabarani wageuke kutazama. Baraniko aliona haya mbele za watu. Aliinama haraka, akamgusa mwanawe midomo kwa kidole.

"Sss. Nyamaza, mama, nyamaza."

Akenete alikiondoa kile kidole, kwa upole, akakishika mkononi mwake.

"Usimwambie hivyo," alisema. "Mwache alie."

Wakakaa pale wote, jua linapanda, na mtoto akalia mpaka alipotosheka.